Mwanga wa Kufumba na Kufumbua: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuwapiga Picha Ndege Wadogo Waogapo

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa redioni. Msimamizi wa darasa aandike maneno haya ubaoni kabla ya kipindi kuanza: kamera, flashi, chambo, kificho, mpagazi, sekunde. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

  Aliye nyuma asogee mbele karibu na redio, na aliye na daftari alifungue.

Somo letu la leo limetokana na barua ya darasa la Lusewa. Lusewa iko kusini mwa nchi yetu, katika Mkoa wa Ruvuma. Kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Wilaya ya Songea, na sasa imo katika Wilaya ya Namtumbo. Wenzetu hao wameandika hivi: kijijini kwao alifika mgeni mwenye kamera. Ilikuwa wakati wa kiangazi, maji yamekuwa haba. Mgeni akaomba kigae kikubwa cha mtungi uliovunjika, akakijaza maji, akakiweka chini ya kichaka karibu na pampu ya maji. Kisha akajificha. Ndege wadogo walipokuja kuoga, mwanga mkali ulimulika ghafla kama radi, na picha ikapigwa. Akafanya hivyo siku tatu.

Basi kijijini pakazuka ubishi. Mzee mmoja akasema, "Mwanga huo utawapofusha ndege, nao watayakimbia maji yetu." Kijana mmoja akajibu, "Babu, mwanga ule ni mdogo kuliko jua. Mgeni ametulipa, na ndege wamerudi." Mama mmoja akauliza swali ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: "Picha zile zinakwenda wapi, na sisi tumeandikwa wapi?"

Ndugu zangu, ubishi kama huu haumalizwi kwa kupaza sauti. Humalizwa kwa kujua jambo lilikotoka. Kwa hiyo leo tutajifunza historia ya mwanga huo. Sehemu moja ya historia hiyo ilitokea hapa hapa kwetu, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Tutakwenda pole pole.

KWA NINI NDEGE HUOGA

Kwanza tumtazame ndege mwenyewe. Ninyi mnaokaa shambani mmemwona chiriku, mmemwona shorewanda, mmemwona tetere na pugi. Ndege hushuka ukingoni, hutazama kulia na kushoto, kisha huingia penye maji ya kina kifupi tu. Huchovya kichwa, huinua maji mgongoni, na hupiga mabawa upesi sana hata matone yakaruka pande zote. Mbayuwayu hafanyi hivyo. Yeye hugusa maji huku anaruka, akaenda zake. Chozi naye, yule ndege mdogo wa maua, mara nyingi hujisugua katika majani yenye umande au mvua.

Ndege haogi kwa mchezo. Manyoya yake ndiyo nguo yake, na ndiyo mabawa yake ya kurukia. Yakijaa vumbi na wadudu, hayashiki hewa vizuri wala hayahifadhi joto. Akishaoga, hukaa tawini akayapanga manyoya kwa mdomo, moja moja. Ndege wengi huyapaka pia mafuta yatokayo katika kifuko kilicho juu ya mkia.

Lakini kuoga kuna hatari. Ndege aliyelowa ni mzito, hawezi kuruka upesi. Mwewe anajua, na paka anajua. Kwa hiyo ndege aogaye ana haraka na ana hofu. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia mwishoni.

Sasa fikirini kazi ya mpiga picha. Ndege ni mdogo kama kidole gumba. Mabawa yanakwenda mbio. Matone yanaruka. Mara nyingi maji yenyewe yako kivulini. Picha huhitaji mwanga. Mwanga ukiwa haba, kamera haina budi kuacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi. Na muda ukiwa mrefu, ndege aliyetikisika huonekana kama ukungu. Ndiyo sababu watu walitafuta mwanga wa kutengeneza wenyewe, ulio mkali na tena wa kitambo kidogo sana. Mwanga huo wapiga picha wetu huuita flashi.

UNGA ULIOWAKA KAMA RADI

Flashi ya kwanza haikuwa ya umeme. Ilikuwa ya moto. Yako madini mepesi yaitwayo magnesiamu. Yakiwashwa huwaka kwa mwanga mweupe mkali mno. Katika miaka ya 1860 watu wa Ulaya walianza kupiga picha kwa kuwasha waya wa madini hayo. Kisha, mwaka 1887, Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga. Walichanganya magnesiamu iliyosagwa na dawa nyingine zinazosaidia moto kuwaka. Unga huo uliwaka wote kwa mara moja, ukatoa mwanga, mshindo na wingu la moshi.

Unga huo ulikuwa jamaa wa karibu wa baruti. Wako wapiga picha waliounguzwa mikono na nyuso, na wako waliokufa walipokuwa wakiuchanganya. Na tusidhani kwamba mnyama aliyepigwa picha kwa unga huo aliona mwanga tu. Alisikia mshindo pia, akanusa moshi.

Huko Marekani alikuwako mwanasheria mmoja, jina lake George Shiras. Huyu alikwenda usiku ziwani kwa mtumbwi, akiwapiga picha paa na wanyama wengine waliokuja majini. Aligundua pia hila nyingine: kutega uzi njiani, ili mnyama mwenyewe auguse na kuwasha flashi. Yaani mnyama alijipiga picha yeye mwenyewe. Mwezi wa Julai mwaka 1906, picha zake 74 zilitolewa katika gazeti la National Geographic, na watu wakastaajabu sana. Shiras alikuwa pia mbunge. Mwaka 1904 alipeleka bungeni mswada wa kuwalinda ndege wanaohama. Haukupita wakati ule, lakini wazo lake halikufa, na mwaka 1918 Marekani ikapata sheria ya kuwalinda ndege hao.

FLASHI NA BUNDUKI KATIKA NCHI YETU

Sasa tufike kwetu. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, aliyezaliwa mwaka 1865, alisafiri hapa mara kadhaa, hasa upande wa Kilimanjaro na nyika za Wamasai. Alitaka kuwapiga picha wanyama wa porini wakiwa hai, usiku, wakija kunywa maji. Majaribio yake ya kwanza hayakufaulu vizuri. Akarudi na vyombo bora vilivyotengenezwa Ulaya, na katika safari yake ya mwaka 1903 na 1904 akafaulu. Alipata picha za simba, fisi, chui na punda milia katika giza la usiku. Watu wa Ulaya hawakuwa wameona picha za namna hiyo.

Mwaka 1905 alitoa kitabu mjini Leipzig, chenye picha 302 za mchana na za usiku. Jina la kitabu hicho, tukilitia katika Kiswahili, ni "Kwa Flashi na Bunduki". Litazameni jina hilo, wasikilizaji. Vitu vyote viwili vimo. Schillings alipiga picha, na pia aliua wanyama wengi kwa ajili ya nyumba za makumbusho za Ulaya. Na ili simba aje karibu na kamera, Schillings alifunga punda au ng'ombe aliye hai karibu na vyombo vyake, awe chambo. Simba alipomrukia, flashi ikawaka. Katika picha hizo mashuhuri, mwanga ulimwangukia simba na ng'ombe pamoja. Mmoja alipata chakula, mwenziwe alipata mauti.

Je, vyombo vile vilifikaje porini? Hapakuwa na gari. Kamera zilikuwa nzito, na picha zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, si juu ya filamu nyepesi. Vioo, dawa, unga wa flashi, mahema na vyakula vilibebwa na wapagazi. Mpagazi mmoja akijikwaa na mzigo wa vioo, kazi ya majuma mengi huvunjika. Mpagazi akichukua unga wa flashi, amechukua moto mabegani mwake. Wao ndio waliojua maji yako wapi na simba hupita njia ipi. Lakini juu ya jalada la kitabu jina ni moja tu.

Sasa ninyi wa Ruvuma, mnakumbuka mwaka 1905 ulikuwa mwaka gani kwenu? Ndio mwaka ulioanza Vita vya Majimaji. Vita vilianza mwezi wa Julai huko Umatumbi, vikafika Ungoni kabla ya mwaka kwisha. Na tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni. Kisha ikaja njaa kuu, kwa kuwa vyakula na mashamba viliteketezwa. Leo mjini Songea iko nyumba ya Makumbusho ya Majimaji, na watu hukumbuka siku hiyo kila mwaka.

Basi, mwaka ule ule ambao watu wa Ulaya walikaa vitini wakifungua kitabu cha picha za wanyama wetu, watu wetu walikuwa vitani. Sisemi kwamba kamera ilileta vita. Nasema kwamba picha huonyesha kile tu ambacho mwanga umekiangukia. Flashi ya Schillings ilimulika simba penye maji. Haikumulika taabu ya wenyeji wa nchi. Mtu asomaye picha hana budi kuuliza daima: ni kitu gani kilichobaki gizani?

Na tuwe waadilifu. Schillings huyo huyo alikuja kuwaonya watu wake kwamba wanyama wa Afrika wanakwisha kwa kuuawa ovyo. Tena alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti Ujerumani kupinga kuua ndege ili manyoya yao yapambe kofia za wanawake. Alifariki mwaka 1921. Historia ina watu wengi wa namna hii, ambao mkono mmoja unajenga na mwingine unabomoa. Kazi yetu ni kuiona mikono yote miwili.

NG'OMBE ASIYE NA MATUMBO

Wakati huo huo Uingereza walikuwako ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, watoto wa mkulima. Hawa waliwapenda ndege. Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege ambacho picha zake zote zilipigwa kwa kamera. Shida yao ilikuwa moja: ndege akimwona mtu, huruka. Basi wakatengeneza kificho cha ajabu. Walichukua ngozi ya ng'ombe, wakaitandaza juu ya mifupa ya mbao, na ndani akaingia mtu na kamera. Ndege humzoea ng'ombe, hivyo hakukimbia.

Mnacheka? Chekeni, lakini mjifunze. Mkulima wa kwetu anayejenga dungu la kulinda mpunga anajua jambo hilo hilo. Ukitaka kumwona ndege jinsi alivyo, usiende kwake na haraka yako. Kaa, nyamaza, awe yeye ndiye atakayekuja.

Cherry Kearton alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1909. Akarudi tena katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwa askari katika kikosi kimoja na mwindaji Frederick Selous. Selous aliuawa kwa risasi mwezi wa Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na Mto Rufiji. Pori kubwa la akiba lililo kaskazini ya Lusewa lilipewa jina lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kati ya Selous na hifadhi ya Niassa iliyoko Msumbiji iko njia ya wanyama, nayo hupita katika wilaya za Namtumbo na Tunduru. Kwa hiyo wenzetu wa Lusewa hawakai mbali na historia hii.

KUTOKA MOTO HADI UMEME

Unga wa flashi haukuwafaa ndege wadogo. Mshindo wake ulikuwa mkubwa, na mwanga wake ulichelewa kwisha. Mwaka 1929, huko Ujerumani, ilianza kuuzwa taa ya kioo iliyofungwa, ndani yake mna karatasi nyembamba ya madini na hewa ya oksijeni. Umeme kidogo wa betri uliiwasha, ikawaka ndani kwa ndani, bila mshindo na bila moshi. Ilikuwa faida kubwa. Lakini kila taa iliwaka mara moja tu, kisha ikatupwa.

Miaka michache baadaye alitokea Mmarekani, Harold Edgerton, mwalimu wa chuo cha ufundi cha Massachusetts. Yeye alitumia taa yenye gesi ndani. Umeme hukusanywa kwanza katika chombo cha kuuhifadhi, kisha huachiliwa wote kwa ghafla ndani ya ile gesi. Gesi hung'aa na kuzimika mara moja. Taa hiyo haiungui wala haitupwi. Huwaka tena na tena. Katika miaka ya 1930 Edgerton aliwapiga picha kwa taa zake ndege wadogo sana wa Marekani wanaonyonya maua, ambao hupiga mabawa yao mara hamsini hivi kwa sekunde moja. Picha ilionyesha bawa limetulia, kila unyoya wazi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Msimamizi, andika ubaoni. Tone la maji limerushwa na bawa la ndege, linakwenda mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Mwanga ukikaa sehemu moja ya 50 ya sekunde, tone hilo litakuwa limesogea sentimita 4. Katika picha halitakuwa tone tena, litakuwa mstari. Lakini taa ndogo za umeme za leo, zikipunguzwa nguvu, humaliza mwanga wao kwa sehemu moja ya 10,000 ya sekunde, au hata upesi zaidi. Katika muda huo tone husogea milimita 0.2 tu, unene kama wa karatasi mbili au tatu zilizopangwa pamoja. Picha itaonyesha tone la mviringo, linang'aa kama lulu. Hapo ndipo ndege aogaye alipoanza kuonekana vizuri kwa jicho la mwanadamu.

Hesabu nyingine. Taa ikiwa mita 1 kutoka kwa ndege, ukaisogeza hadi mita 2, mwanga unaomfikia hauwi nusu, unakuwa robo. Ndiyo sababu mpiga picha huweka taa karibu na maji. Na ndiyo sababu nyuma ya ndege picha mara nyingi huwa nyeusi kama usiku, hata kama ilipigwa saa tatu asubuhi. Mwanga haukufika huko nyuma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Eric Hosking alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuwapiga picha ndege kwa taa hizi za umeme. Huyu alikuwa amekwisha pata somo chungu. Mwaka 1937 alikwenda usiku kwenye kificho chake karibu na kiota cha bundi. Bundi akamrukia gizani akamchoma jicho kwa kucha zake, na jicho likapotea. Hosking hakuiacha kazi yake, wala hakumchukia bundi. Bundi alikuwa akilinda watoto wake.

JIBU KWA DARASA LA LUSEWA

Sasa tumepata vya kutosha kujibu barua. Mzee alisema kweli, na kijana alisema kweli, kila mmoja kwa upande wake.

Mchana, penye mwanga wa jua, macho ya ndege yamekwisha zoea mwanga mkali, na flashi ndogo ni ya kitambo kidogo sana. Ndege wengi hushtuka kidogo, kisha huendelea kuoga au hurudi baada ya muda. Katika hilo kijana ana haki. Lakini usiku mambo ni mengine. Macho ya bundi na ya ndege wa usiku yako wazi kabisa ili kukusanya mwanga haba. Flashi ikimpiga, huenda asione vizuri kwa muda, naye yuko hatarini kujigonga au kukosa mawindo. Katika hilo mzee ana haki. Wala mtu asiende na flashi penye kiota, kwa maana mama akikimbia, makinda hubaki juani au kwa nyoka.

Na mara nyingi hatari kubwa kuliko mwanga ni mtu mwenyewe. Kumbukeni tuliyosema mwanzoni: ndege aliyelowa ana haraka na ana hofu. Wakati wa kiangazi, kama maji ni yale tu yanayomwagika penye pampu, na mtu akaketi hapo kutwa nzima, ndege atakosa kunywa, atakosa kuoga. Basi mpiga picha mwema hutenga maji yake mbali kidogo, kama alivyofanya mgeni wenu na kile kigae. Huyaweka karibu na kichaka ili ndege apate pa kukimbilia, lakini si ndani ya majani manene ambamo paka hujificha. Hujificha vizuri. Hupunguza nguvu ya taa. Hukaa muda mfupi akaondoka. Na ndege wakikataa kushuka, huzima taa yake akaenda nyumbani bila picha. Bora kukosa picha kuliko kumnyima ndege maji.

Sasa swali la yule mama: "Sisi tumeandikwa wapi?" Nitamjibu kwa kisa kimoja cha kweli. Katika nchi ya jirani alikuwako Mwafrika mmoja, jina lake Jali Makawa, aliyefanya kazi miaka mingi na mtaalamu wa ndege, C. W. Benson. Makawa alijua kusikia ndege na kumtambua kwa namna iliyowashinda wenye vitabu. Mwaka 1964, huko Zambia, alipatikana ndege mdogo ambaye hakufanana na wengine waliojulikana. Ndege huyo alipoandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1965, alipewa jina la kitaalamu Pogoniulus makawai, yaani ndege wa Makawa. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama ni aina peke yake, maana alipatikana huyo mmoja tu. Lakini jina la Makawa limo kitabuni.

Mnaona tofauti? Mwaka 1905 jina la mpagazi halikufika juu ya jalada. Miaka sitini baadaye jina la Mwafrika lilitiwa katika jina la ndege mwenyewe. Hilo halikuja lenyewe. Lilikuja kwa sababu ujuzi wake ulionekana, ukakubaliwa, ukaandikwa. Jambo lisiloandikwa hupotea na mwenye kulijua. Mgeni akija na kamera yake, mwambieni jina la ndege kwa lugha yenu, mwambieni saa anayokuja kuoga na mwezi anaohama. Kisha mwambieni pia, kwa adabu, aandike ni nani aliyemwambia, na alete picha moja ibaki katika darasa lenu.

Lakini msimngoje mgeni. Ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Hamhitaji flashi kuandika mliyoyaona.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya kipindi kijacho, kila mwanafunzi atafute mahali ambapo ndege huoga. Aketi mbali kidogo, kimya, kwa nusu saa, asubuhi au alasiri. Aandike katika daftari tarehe, saa, majina ya ndege kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili akiyajua, na hesabu yao. Aandike pia kama kulitokea jambo la kuwafukuza.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini ndege huoga, na kwa nini yuko hatarini anapooga?
2. Unga wa flashi wa mwaka 1887 na taa ya umeme ya Edgerton vinatofautianaje?
3. Schillings alitumia flashi na bunduki pamoja. Ni mema gani na mabaya gani mnayoyaona katika kazi yake?
4. Mwaka 1905 ni mambo gani mawili yaliyotokea, moja Leipzig na moja katika nchi yetu?
5. Kama mpiga picha angekuja kijijini kwenu leo, mngempa masharti gani? Yaandikeni matano, kisha mpige kura.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu umekwisha.  Madarasa mengine, nanyi andikeni. Msimamizi, wagawie wanafunzi karatasi, mjadala uanze.